Dawa Iliyoponya Ikapofusha

Wengi kwetu hufikiri kwamba dawa ikiongezwa kipimo, mgonjwa atapona upesi zaidi. Historia ya ugonjwa wa usingizi yatufundisha mengine.

Ugonjwa huo, uletwao na mbung'o, uliua watu wengi sana katika Kongo na Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1906 Robert Koch, mganga Mdachi, alifika visiwa vya Sese katika ziwa la Victoria, akawapiga wagonjwa sindano za Atoxyl, dawa yenye arseniki ndani yake, nayo arseniki ni sumu. Wengi walipata nafuu. Lakini kipimo kilipoongezwa, wagonjwa 22 walipofuka, wasione tena.

Mwaka 1920 mganga mwanamke, Louise Pearce, alitoka Marekani akafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kujaribu dawa nyingine, triparsamidi. Hiyo nayo ilikuwa na arseniki, ila iliwafaa hata wale ambao ugonjwa ulikwisha kuingia katika ubongo. Wengine macho yao yalianza kuona ukungu. Lakini dawa ikiachwa mapema, mara nyingi macho yalipona.

Basi onyo lilikwisha kujulikana. Hata hivyo huko Bafia, katika Kamerun, karibu na mwaka 1930, kipimo cha dawa ile ile kilizidishwa mara mbili na hata zaidi. Watu kama 700 waliharibika macho.

Twaona nini? Ukungu ule machoni ulikuwa alama ya kwanza ya hatari. Na anayeisikia alama hiyo kwanza si mganga mkuu, bali mwuguzi aliye karibu na kitanda. Mgonjwa akisema, «Sista, macho yangu yaona giza,» asiambiwe, «Vumilia.» Dawa isimamishwe kwanza, mganga aitwe, na neno lile liandikwe katika kitabu.

Tangu mwaka 2018 Kongo imekubali vidonge vya feksinidazoli, visivyo na arseniki, vimezwavyo kwa siku 10. Navyo huweza kuleta kichefuchefu, kutapika na kukosa usingizi. Tena sharti vimezwe pamoja na chakula, mbele ya mwuguzi, maana tumbo likiwa tupu mwili haupokei dawa ya kutosha.

Kwa hiyo, tunapowatunza wagonjwa wetu, tusiulize tu, «Umemeza dawa?» Tuulize pia, «Tangu umeze, wajisikiaje?» Kisha tukae tusikilize jibu.