Leseni kwa Jina la Nani? Nidhamu ya Waendesha Vinu vya Nyuklia Ikitazamwa Kutoka Mpanda

Tanzania haina kinu cha nyuklia, wala hakuna anayetazamia kwamba cha kwanza kitajengwa Mpanda. Kinu kilicho karibu zaidi na Katavi kiko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi wa Kongo, kwenye kilima cha Chuo Kikuu cha Kinshasa, nacho kimezimwa tangu 2004. Kwa nini basi msomaji wa mkoa huu ajishughulishe na nidhamu ya watu wanaoendesha vinu? Kwa sababu sheria zinaandikwa sasa. Kenya iliunda mamlaka yake ya kudhibiti nyuklia kwa sheria ya 2019. Uganda imechagua Buyende, upande wa Ziwa Kyoga, iwe mahali pa mtambo wake wa kwanza. Tanzania yenyewe imeanza kuchakata urani kwa majaribio huko Namtumbo. Sheria hizo ndizo zitakazoamua, siku king'ora kitakapolia, nani aandikiwe barua ya kujieleza. Na Mpanda tayari ina wafanyakazi wanaoishi chini ya sheria ya namna hiyo, ingawa mashine yao haifikii hata chembe ya nguvu ya kinu: wapiga picha za eksirei.

Ninachotetea hapa ni hiki. Opereta wa kinu apewe leseni kwa jina lake mwenyewe, na awajibike nayo. Lakini makali ya adhabu yaelekezwe kwa anayeficha na anayedanganya, si kwa aliyekosea akasema. Sheria isiyotenganisha watu hao wawili huwafundisha wote kunyamaza.

Dunia ina njia mbili kuu za kumfunga opereta na wajibu wake. Marekani hutoa leseni kwa mtu. Hakuna anayeruhusiwa kugusa kifaa cha kubadili nguvu ya kinu bila leseni ya Tume ya Udhibiti wa Nyuklia (NRC), isipokuwa mwanafunzi aliye chini ya jicho la mwenye leseni. Leseni hiyo hudumu miaka 6. Mwenye nayo hupimwa afya kila baada ya miaka 2, hurudi darasani na kufanyiwa mitihani, na asipotimiza zamu za kutosha ndani ya robo mwaka hakalishwi tena kwenye kiti mpaka aandaliwe upya. Ulevi na dawa za kulevya ni mwiko. Ufaransa imeshika njia nyingine: mamlaka ya usalama hushughulika na shirika, na shirika, yaani kampuni ya umeme ya EDF, ndilo linalompa mfanyakazi wake idhini ya kuendesha mtambo. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Nyuklia wa 1994 hauchagui kati ya hizo mbili. Unachosisitiza ni kwamba jukumu la kwanza la usalama ni la mwenye leseni ya mtambo, yaani taasisi.

Kwa nchi zetu naipendelea njia ya Marekani, na sababu yangu si kuhusudu. Idhini inayotolewa na mwajiri huondolewa na mwajiri. Opereta anayemwambia meneja kwamba kinu kizimwe, huku gridi ikililia umeme na simu zikipigwa kutoka wizarani, anahitaji karatasi ambayo meneja huyo hawezi kumnyang'anya jioni ile ile.

Leseni ya mtu ina uchungu wake pia. Kwenye mtambo wa Peach Bottom, Pennsylvania, iligundulika mwaka 1987 kwamba waendeshaji walikuwa wakilala zamu katika chumba cha udhibiti. Tarehe 31 Machi NRC iliamuru mtambo uzimwe. Mwaka uliofuata kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 1.25, na waendeshaji wenyewe wakatozwa faini, kila mtu kwa jina lake. Ni vigumu kuwatetea, na sitajaribu. Ila jambo lenye uzito zaidi kuliko zile faini ni kwamba uchunguzi haukuishia kwenye kiti cha opereta. Ulipanda ngazi, na uongozi wa juu wa kampuni ukabadilishwa kabla mtambo haujaruhusiwa kuwashwa. Zamu nzima haiwezi kulala usiku baada ya usiku bila msimamizi kujua, au bila kuamua kutojua.

Kesi ngumu ni zile ambazo opereta alikuwa macho, akafanya alichofundishwa, na mambo yakaharibika. Alfajiri ya 28 Machi 1979, kwenye mtambo wa Three Mile Island, vali moja iliyopaswa kufunga ilibaki wazi. Taa ya ubaoni ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Haikuonyesha kama vali imetii. Ving'ora zaidi ya mia vilipiga kwa mkupuo. Waendeshaji walisoma kwamba maji yamezidi ndani ya mfumo, wakapunguza maji ya dharura, na kiini cha kinu kikaanza kuyeyuka. Ukitafuta kosa la mkono, hilo hapo. Lakini miezi 18 nyuma yake, Septemba 1977, vali ya aina hiyo hiyo ilikuwa imekwama wazi kwenye mtambo wa Davis-Besse huko Ohio, na waendeshaji wa kule nao walipunguza maji. Walibahatika: kinu chao kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu ndogo, na tatizo likatambuliwa mapema. Habari ile haikuwafikia wenzao. Tume iliyoongozwa na John Kemeny, pamoja na kukiri makosa ya waendeshaji, ililaumu mafunzo, muundo wa chumba cha udhibiti na mamlaka ya udhibiti yenyewe.

Chernobyl ni funzo kali zaidi, kwa kuwa pale mahakama ilitangulia ukweli. Julai 1987 mkurugenzi Viktor Bryukhanov, mhandisi mkuu Nikolai Fomin na naibu wake Anatoly Dyatlov walihukumiwa kifungo cha miaka 10 kila mmoja. Leonid Toptunov, aliyeshika kinu usiku wa mlipuko akiwa na miaka 25, alikuwa amekwisha kufa kwa mionzi mwaka uliotangulia pamoja na kiongozi wake wa zamu, Aleksandr Akimov. Na lawama zikawafuata kaburini. Ripoti ya kwanza ya kimataifa, ya 1986, ilikubaliana na hadithi hiyo: watu walivunja taratibu. Mwaka 1992 kundi lile lile la wataalamu lilitoa ripoti mpya iliyohamishia uzito mkubwa wa lawama kwenye muundo wa kinu. Fito za kuzimia, kwa jinsi zilivyoundwa, ziliweza kuongeza nguvu kwa muda mfupi badala ya kuipunguza. Kibonyezo cha dharura kilichangia kulipua kinu. Waliobuni waliujua udhaifu huo. Waliokalia kiti hawakuambiwa. Nidhamu gani ingemsaidia Toptunov?

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Kinu cha kwanza cha Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, katika nchi iliyotoa urani ya Shinkolobwe kwa mabomu ya Marekani. Miaka ya 1970 fito mbili za fueli zilitoweka. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Ya pili haijaonekana hadi leo. Machi 2007, tetesi za urani kupotea zilipozuka tena, mkuu wa kamisheni ya nishati ya atomi alikamatwa, kisha akaachiwa baada ya siku chache. Kukamata mtu ni kazi ya asubuhi moja. Kujenga uzio, kulipa walinzi kwa wakati na kuhesabu fito kila mwezi ni kazi ya miaka, na haitangazwi redioni.

Turudi Katavi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 mkoani. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Watu wanapoongezeka, picha za vifua na za mifupa iliyovunjika nazo huongezeka, na kila picha inayopigwa iko chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003, iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC). Mpiga picha hubandika kifuani kifaa kidogo cha kupimia mionzi ayonisha. Baada ya kipindi fulani kifaa hutumwa TAEC kikasomwe. Kipimo chake hakitakiwi kuzidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka ndani ya miaka 5, wala 50 katika mwaka wowote mmoja. Aproni nzito anayoivaa ina risasi ndani yake, madini yale yale ya mgodi wa Mukwamba yaliyosababisha reli iletwe kutoka Kaliua hadi Mpanda. Mji huu ulichimba kinga kabla haujapata mashine ya kujikinga nayo.

Sasa fikiria fundi ambaye kifaa chake kimesomwa juu. Huenda mlango wa chumba una ufa. Huenda mashine ni kuukuu na inalazimisha kurudia picha. Huenda yuko peke yake, hana wa kumpokea zamu. Akijua kwamba usomaji wa juu utamletea maswali yeye badala ya mashine, siku zenye kazi nyingi atakivua kifaa na kukiacha droo. Karatasi zitatoka safi. TAEC itaridhika. Ukaguzi utapita. Hapo taasisi imejifunga kitambaa machoni kwa mkono wa mfanyakazi wake.

Mazoea yetu ya utumishi yanalisha tabia hiyo. Kosa likitokea, mnyororo unajulikana: barua ya kujieleza, kusimamishwa kupisha uchunguzi, kamati, onyo au kufukuzwa. Miaka ya karibuni tulizoea pia kuona mtumishi akitumbuliwa jukwaani, mbele ya kamera, kabla kamati haijakaa. Ofisi ya ardhi huenda ikavumilia mtindo huo. Chumba cha kudhibiti kinu hakiwezi, maana usalama wake unategemea mtu kuripoti kwa hiari jambo ambalo bado halijadhuru yeyote.

Nitajibiwa kwamba huu ni mlango wa kulindana. Kwamba Mtanzania ameteseka zaidi kwa wakosaji kuachwa kuliko kwa wakosaji kuonewa. Hoja hiyo ina nguvu, na kumwambia msomaji wa nchi hii vinginevyo ni kumdharau. Lakini kulindana hustawi palipo na siri, na kanuni ninayoitetea inaibana siri. Marekani iliweka mwaka 1991 kanuni inayoiruhusu NRC kumchukulia hatua mtu binafsi kwa udanganyifu wa makusudi, hata kumzuia kufanya kazi za nyuklia kwa miaka kadhaa. Aliyeghushi kumbukumbu, aliyekuja zamu amelewa, aliyezima king'ora ili asisumbuliwe: hao leseni zao zifutwe, na wakistahili wafikishwe mahakamani. Nchi hiyo hiyo humruhusu opereta mwandamizi kuridhia hatua inayokiuka masharti ya leseni pale dharura inapodai hivyo ili kuwalinda wananchi. Ukali na imani vimewekwa katika kitabu kimoja cha sheria.

Kwetu hakuna sababu ya kungoja kinu. TAEC na baraza la wataalamu wa radiolojia lililoundwa kwa sheria ya 2007 waandike kanuni zinazosema wazi kwamba mtumishi anayeripoti usomaji wa juu, hitilafu au kosa lake mwenyewe ndani ya muda uliowekwa hatachukuliwa hatua za kinidhamu kwa kosa hilo, na kwamba meneja anayemtisha ndiye atakayejieleza. Waanze na hospitali za mikoa, Katavi ikiwemo, na taarifa za hitilafu zichapishwe kila mwaka bila majina ya watu ili fundi wa Mpanda asome kilichomkuta mwenzake wa Sumbawanga au Kigoma. Nchi ikishindwa kuiheshimu kanuni hiyo kwa mashine ya eksirei, isijenge kinu.