Kabla ya Namabengo: nani alikuwa anamwangalia nani?

Kila mwaka ikifika tarehe 27 Februari, Songea yetu inajaa watu. Hotuba, ngoma, mashada ya maua kwenye kaburi la halaiki, wazee na ngao zao. Yote mazuri. Lakini mwandishi wa habari ana ugonjwa wake. Ukimwambia mashujaa walinyongwa, atauliza walikamatwaje. Ukimwambia walishindwa vitani, atauliza ilikuwaje adui akawafikia bila wao kumwona. Swali hili la pili limenikaa kichwani muda mrefu, basi leo tulichokonoe kidogo.

Naanzia mbali, mtanisamehe. Nilikuwa nasoma habari za Vita vya Msalaba, zile za kina Salahuddin na mashujaa wa Ulaya waliovaa misalaba kifuani. Pigano kubwa linalojulikana ni la Hattin, Julai 4, 1187, lililowapokonya Jerusalem. Lakini miezi miwili kabla yake, Mei 1, kulitokea kapigano kadogo kwenye chemchemi za Cresson, karibu na Nazareti. Kikosi cha Salahuddin kilikuwa kimepita kuchungulia nchi. Gerard de Ridefort, mkuu wa wale mashujaa wa Hekalu, alikuwa na wapanda farasi kama 130 hivi, upande wa pili wako maelfu. Wenzake walimshauri arudi nyuma, akawaona waoga, akashambulia. Akaponea chupuchupu yeye na wachache mno. Ilipofika siku ya Hattin, Wazungu wale walikuwa wamekwisha kupoteza baadhi ya askari wao bora, na Salahuddin alikwisha kujua anapambana na watu wa namna gani. Huko Hattin kwenyewe waliuawa na kiu kabla ya mishale. Walikosa maji. Sisi kwetu, miaka 718 baadaye, maji yalikuwepo tele...

Turudi nyumbani. Sitaki mtu adhani kwamba babu zetu wa nyanda za kusini walikuwa hawajui upelelezi. Agosti 17, 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, Wahehe walifanya kazi ambayo hata leo ingefundishwa chuoni. Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa anaongoza msafara wa Wazungu wachache, askari zaidi ya 300 na wapagazi wengi. Msafara ulikwenda mmoja nyuma ya mwingine, bunduki begani, hakuna wa maana aliyetangulizwa mbele kuangalia njia. Wahehe walimjua Nyundo alipo, wao yeye hakuwajua. Wakalala kwenye vichaka na mawe kandokando ya njia. Inasimuliwa kwamba Mzungu mmoja alipiga risasi kulenga ndege, wale waliojificha wakadhani ndiyo ishara, wakainuka. Nyundo mwenyewe akachomwa mkuki. Walikufa Wazungu 10 na askari wapatao 250. Wale wa Dar mnaopita Lugalo kila siku mkienda Mwenge, jina hilo lilitoka huko.

Wangoni nao walikuwa wameshapimana nguvu na hao hao Wahehe miaka ya 1870 na 1880, na hakuna aliyemmeza mwenzake. Dola mbili za Ungoni, Njelu na Mshope, zilijengwa kwa uvamizi, na uvamizi bila wapelelezi ni kujiua. Lazima kwanza ujue kijiji kina wanaume wangapi, wanalala wapi, ng'ombe wako upande gani. Wangoni waliijua kazi hiyo kwa vizazi, toka walipoondoka kusini ya mbali.

Sasa, ilikuwaje Oktoba 21, 1905?

Tupange mambo kwanza. Vita vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, pamba ikang'olewa Nandete. Kabla ya hapo, kwa miezi kadhaa, kulikuwa na kitu Wamatumbi walikiita njwiywila, yaani ujumbe wa kunong'onezana. Mtu anamnong'oneza mtu, naye anamnong'oneza mwingine, Mjerumani amekaa bomani anakula kodi yake hana habari. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro Agosti 4, lakini mnong'ono ulishapita. Agosti 14 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini yule yule aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, aliuawa na wenzake njiani wakielekea Liwale. Agosti 30 maelfu walilivamia boma la Mahenge mchana kweupe, wakakutana na bombomu mbili, zile bunduki za rashasha. Walikufa wengi sana.

Maji yaliingia Ungoni kwa mkono wa Kinjala, mtu wa kutoka upande wa Ungindo. Alianzia kwa Nkosi Chabruma wa Mshope, kisha yakafika Njelu kwa Nkosi Mputa Gama na manduna wake, akiwemo Nduna Songea Mbano ambaye jina lake ndilo jina la mji. Mputa alikuwa na lake la moyoni. Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho alikuwa ameiteketeza nyumba ya mahoka, yaani ya mizimu ya wazee wake. Kwa hiyo msidhani neno vita vya msalaba nimelileta kwa kulazimisha. Upande mmoja kulikuwa na msalaba uliochoma nyumba ya mizimu, upande wa pili maji yaliyobarikiwa. Septemba ile Peramiho ilichomwa moto na Padre Leuthner akauawa.

Septemba yote ilikuwa ya mapigano madogo madogo. Boma la Songea lilikuwa chini ya Kapteni Richter, na askari wake hawakuwa wengi. Walitoka, wakapiga, wakarudi. Kwa Wangoni haya yalikuwa mapigano ya kujifunza. Ndiyo maana ya mikwaruzano kabla ya vita kubwa: unagundua adui ana nini. Na walichogundua hakikuwa kizuri, risasi hazikugeuka maji. Lakini boma lenyewe halikuanguka wala halikuwamaliza, watu wakabaki katikati, hawajashinda, hawajashindwa, wanangoja.

Wakati wanangoja, kulikuwa na mtu anatembea.

Jina lake Kapteni Ernst Nigmann, mkuu wa kituo cha Iringa. Alitoka Iringa na kikosi chake akaenda kuliokoa boma la Mahenge, kisha kutoka Mahenge akashika njia ya kusini kuja Songea. Mwangalie vizuri huyu bwana, kwa maoni yangu ndiye hatari kuliko wote katika hadithi hii. Si kwa sababu ya bombomu, bombomu walikuwa nazo wengi. Nigmann alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Mwaka 1908 alitoa kitabu kizima juu ya Wahehe, mila zao, historia yao, namna yao ya kupigana, na mwaka 1911 akaandika historia ya jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Yaani mtu aliyeishi Iringa, kwenye nchi ya Lugalo, akijifunza kwa nini Nyundo alikufa. Mtu kama huyo hatembei bila kutanguliza macho.

Na macho yenyewe hayakuwa ya Kijerumani. Nani alijua vijia vya kutoka Mahenge hadi Ungoni? Si Mzungu. Ni askari weusi, ruga-ruga, wapagazi, wenyeji wa njiani walioulizwa kwa hiari au kwa kiboko. Wahehe, ambao walishapigana vyao hadi Mkwawa akajiua mwaka 1898, safari hii hawakuingia upande wa maji.

Oktoba 21, 1905, Nigmann akaikuta kambi ya Wangoni huko Namabengo, kule ambako ukitoka Songea mjini unapita ukielekea Namtumbo. Wapiganaji wapatao 5,000. Walishtukizwa. Rashasha zikafunguliwa kwenye kambi, ikawa mbio. Wajerumani waliandika kwamba watu walikimbia wakipiga kelele kwamba maji ni uongo. Labda. Mimi maneno ya aliyekimbizwa yakiandikwa na aliyemkimbiza huwa nayachukua kwa tahadhari. Ila kushtukizwa hakuna anayekubishia.

Watu 5,000 si kitu kidogo kukificha, na jeshi linalokuja na wapagazi na bombomu nalo si kitu kidogo kukificha. Mmoja alimwona mwenzake. Mwingine hakuona.

Jibu la haraka la vitabuni na vijiweni ni imani: waliamini maji, wakajisahau. Silikubali. Kama maji ndiyo yaliwalevya, mapigano ya Septemba yalitosha kuwalevua. Naona mambo mawili mengine.

La kwanza, Wajerumani waliichukua Ungoni mwaka 1897 karibu bila vita. Toka hapo hadi 1905 ni miaka minane ya kukaa bila uvamizi. Kijana aliyekuwa na miaka 12 wakati ule sasa ana 20, ana mkuki na ngao, ana hadithi za babu, lakini hajawahi kulala porini siku kumi akihesabu moto wa kambi ya watu wengine. Ufundi wa namna hiyo haurithiwi kwa hadithi.

La pili ndilo gumu, na najua ndugu zangu wengine watanijia juu. Mpelelezi hafanyi kazi peke yake. Anategemea mama anayechota maji mtoni, mtoto anayechunga, mzee anayepitisha neno kwamba kuna wageni wamelala kwenye kilima fulani. Anategemea vijiji. Sasa vijiji vilivyoizunguka Ungoni vilikuwa vya nani? Vya watu ambao dola ya Kingoni iliwavamia, ikawachukua mateka, ikawafanya watwana kwa miaka mingi. Wamatengo walikimbilia milimani kwa sababu yetu. Tena wao walipoinuka dhidi ya Mjerumani, mwaka 1902 huko Litembo, waliuawa peke yao. Mwaka 1905 walikaa kimya wengi wao, na nani atawalaumu? Upande wa Namtumbo wanaishi Wandendeule, ambao nao walikuwa chini ya Wangoni. Wapo waliopigana, wapo waliokufa. Sisemi hata kidogo kwamba kuna aliyewauza watu Namabengo. Nasema tu kwamba mtu uliyemnyang'anya ng'ombe hakimbii usiku kucha kuja kukuamsha.

Linganisha na Umatumbi. Kule njwiywila ilipita kijiji hadi kijiji bila kuvuja kwa sababu mnong'onezaji na mnong'onezwa walilima shamba moja la pamba ya Mjerumani, walichapwa kiboko kile kile. Kwetu ujumbe ulipita kwa wakubwa: Nkosi kwa Nkosi, nduna kwa nduna. Ulishuka chini, lakini haukuota chini.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitawanywa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa hai wakati wa vita. Kazi ile ni hazina, bila hiyo tungekuwa na ripoti za Wajerumani tu. Lakini hata humo, wazee waliulizwa zaidi juu ya maji, viongozi na kunyongwa. Wale vijana waliotumwa kuangalia barabara ya Mahenge Oktoba ile, kama walitumwa, hatuna majina yao. Upande wa pili tuna jina la kapteni, cheo chake, na vitabu vyake viwili.

Baada ya Namabengo vita havikuisha, vilibadilika. Makundi madogo, msituni, usiku. Hapo ndipo upelelezi wa Kingoni ulipozinduka, nadhani, maana sasa kila mtu alikuwa mpelelezi kwa lazima. Lakini mwishoni mwa Novemba Meja Johannes alifika Songea, na huyu hakuwa na haja ya kujua wapiganaji wako wapi. Alijua chakula kiko wapi. Ghala likachomwa, shamba likachomwa, mbegu zikachukuliwa. Ukiwa na njaa moto wako wa kupikia ndio unaokuchongea. Makadirio ya Wajerumani wenyewe ni kwamba watu 75,000 walikufa katika Maji Maji nzima, na wanahistoria wengine wanafika 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa.

Nkosi Mputa alikamatwa Januari 1906 na kunyongwa Februari 27 pamoja na wenzake. Nduna Songea alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake, bila kichwa. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama pale makumbusho, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho.

Chabruma hawakumpata. Alipita na watu wake katikati ya doria za Wajerumani hadi Mto Ruvuma, akavuka, akaingia upande wa Mreno, akafia huko. Njia aliyopita ni ndefu, na kila hatua ilihitaji mtu wa kutangulia, kutazama, na kurudi kusema: pako salama, twende.