Mashairi ya Wamonaki wa Irlandi

Zamani, kati ya karne ya 8 na ya 13, wamonaki wa Irlandi walikuwa wakinakili vitabu kwa mkono. Kazi ndefu, na vidole vinachoka! Basi mara nyingine mwandishi alitia pembeni mwa ukurasa maneno yake mwenyewe: juu ya ndege wanaomsifu Mungu, juu ya bahari yenye dhoruba, hata juu ya paka wake. Jina lake hakuliandika.

Katika miaka ya 1952 na 1953 Samuel Barber, mtunzi wa Marekani, alichagua mashairi kumi ya wamonaki hao, katika tafsiri ya Kiingereza, akayatungia muziki wa sauti moja na piano. Hakuweka alama ya kipimo cha mapigo. Muziki unafuata maneno. Sisi tuliozoea wimbo wa Kigregori hatushangai.

Wimbo wa mwisho ndio unaonigusa. Mmonaki anatamani kibanda kidogo, akae peke yake na Mungu kabla ya kufa. Kwaya kubwa, kwa fikira zangu, ingaliuharibu upweke ule.

Aliyeziimba mara ya kwanza mjini Washington, tarehe 30 Oktoba 1953, ni Leontyne Price, binti Mweusi wa Mississippi, mwenye miaka 26. Barber mwenyewe alipiga piano. Siku zile sheria ya Mississippi ilikataza watoto Weusi kusoma shule moja na Wazungu. Huyo ndiye aliyewapa sauti wamonaki wale wasio na jina.