Shule za Kanjo na Wenyewe Wengi

Chukua shule yoyote ya msingi ya umma jijini Nairobi, iwe Bahati, Kariobangi au Kawangware. Mwalimu wa chekechea, yule anayefundisha PP1 na PP2 karibu na lango, mshahara wake unatoka kwa kaunti. Hatua chache mbele yake, mwalimu wa Gredi ya 1 analipwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Vitabu na fedha za matumizi ni za Wizara ya Elimu. Wali na maharagwe ya saa sita hupikwa katika jiko la kaunti, na bawaba ya mlango ikikatika, bodi ya shule hukaa kikao. Kwa hiyo mzazi mwenye malalamiko sharti kwanza ajue malalamiko yake ni ya aina gani. TSC iko Upper Hill, wizara iko Jogoo House, kaunti iko City Hall, na sijaona ofisi kati ya hizo inayofurahia kupokea kesi ya mwenzake.

Mambo hayakuanza hivi. Wazee wa Eastlands bado huziita shule hizi "za kanjo", yaani za baraza la jiji, na wana sababu. Kwa miaka mingi baraza la jiji ndilo lililokuwa na mlango wa kubisha.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na elimu ya mji huu ilianza kwa kufuata reli na misheni. Serikali ya kikoloni ilimwalika Profesa Nelson Fraser kutoa ushauri, na ripoti yake ya 1909 ikapendekeza Mwafrika afundishwe kazi za mikono. Idara ya Elimu iliyoanzishwa 1911 ilikua juu ya msingi huo: Wazungu na shule zao, Wahindi na zao, Waafrika na zao, kila kundi na bajeti yake. Waafrika wa mjini walikuwa na tatizo la ziada. Kwa mtazamo wa wakubwa, hawakuwa wakazi. Mwanamume alikuja kufanya kazi, akalala katika chumba cha mwajiri, na mkewe na watoto wakabaki mashambani. Mji usiotambua watoto wa watu hauna haja ya kuwajengea madarasa, hivyo mtaa wa Waafrika wa Pumwani na vitongoji vyake viliachiwa misheni na juhudi za wenyeji.

Hali ilianza kubadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipokubali shingo upande kwamba familia za Waafrika zimeshakita mizizi mjini. Nairobi ikapewa hadhi ya jiji mnamo Machi 1950, na mitaa ya nyumba za baraza ikazidi kuenea upande wa mashariki: Kaloleni, Bahati, Jericho, Mbotela, Ofafa. Hii miwili ya mwisho ilipewa majina ya wanasiasa wa mjini waliouawa mwanzoni mwa Hali ya Hatari. Ramani za mitaa hiyo zina jambo ambalo wapangaji wa leo wamelisahau. Shule iliwekwa ndani ya mtaa, pamoja na ukumbi wa jamii na kiwanja cha mpira, ili mtoto aende kwa miguu bila kukatiza barabara kubwa. Ukipita Eastlands ya zamani utaona mpango huo bado unafanya kazi, ingawa nyumba zenyewe zimechakaa.

Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika mwaka wa 1962. Miaka miwili baadaye, tume ya elimu ya Ominde ikasema mgawanyo wa rangi shuleni uishe. Ukaisha, lakini angalia ulivyoisha. Shule zilizokuwa za Wazungu ziliendelea kutoza karo ya juu, za Wahindi karo ya kati, na zile za Eastlands karo ya chini. Watu walizijua kwa herufi: A, B na C. Mtoto wa karani wa Jericho hakuzuiwa tena na ngozi yake kuingia shule ya Kilimani. Alizuiwa na mfuko wa babake. Kwa maoni yangu hapo ndipo jiji lilipopoteza nafasi yake nzuri kuliko zote, kwa sababu majengo yalikuwepo, walimu walikuwepo, na hamu ya watu kuona mambo mapya ilikuwa kubwa.

Kuhusu nani aendeshe shule, sheria zilifuatana haraka. TSC iliundwa ikawa mwajiri wa walimu wote kuanzia 1967. Sheria ya Elimu ya 1968 ikaacha shule za msingi mikononi mwa serikali za mitaa, kisha mwaka wa 1970 mabaraza ya wilaya yakapokonywa elimu ya msingi, afya na barabara. Manispaa zikabakiziwa, na Nairobi miongoni mwao. Ndiyo maana kijijini mzazi alizoea kumwendea afisa wa elimu wa wilaya, ilhali Nairobi alienda City Hall, kwenye Idara ya Elimu ya Jiji. Idara hiyo ilijenga na kukarabati, iligawa jiji katika kanda na zoni, na ilikuwa na wakaguzi wake. Mzazi aliyehamia Umoja kutoka Kaloleni alijua barua ya uhamisho inaandikiwa nani.

Tusiipake rangi enzi hiyo, lakini. Diwani mwenye sauti alikuwa na uwezo wa kumpenyezea mtu nafasi. Na baraza lenyewe liliendeshwa vibaya hadi serikali kuu ikalivunja mwaka wa 1983 na kuweka Tume ya Jiji, ambayo ilikaa mpaka baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1992. Katika miaka hiyo jiji liliongezeka watu kwa kasi, ila shule mpya hazikuongezeka kwa mwendo huo. Mathare, Kibera, Korogocho na Mukuru zilijaa watoto bila kupangiwa uwanja wa shule hata mmoja unaotosha, kwa kuwa kisheria mitaa hiyo haikuwepo. Ilikuwa Pumwani ya zamani tena, safari hii chini ya bendera yetu wenyewe.

Karo nayo ilipanda na kushuka. Mzee Kenyatta aliifuta kwa madarasa manne ya kwanza kuanzia 1974, na shule zikabuni ada ya majengo. Rais Moi akaja na maziwa ya Nyayo mwaka wa 1979, na hadi leo kuna watu wazima Nairobi wanaokumbuka ile pakiti ya pembe tatu vizuri kuliko somo lolote walilofundishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja mpango wa kugawana gharama, na mzazi akarudi kulipia karibu kila kitu.

Kisha Januari 2003. Wiki moja tu baada ya Mwai Kibaki kuapishwa, shule zilifunguliwa bila karo. Nchini kote idadi ya wanafunzi wa msingi ilipanda kutoka takriban milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7. Katika Shule ya Msingi ya Olympic, Kibera, ambayo ilikuwa ikisifika kwa matokeo ya mtihani, wazazi walijazana langoni wakigombania nafasi. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na fedha zilikuja katika akaunti mbili: shilingi 650 za vitabu na vifaa, ambazo walimu waliziita fedha za SIMBA, na shilingi 370 za matumizi mengine. Kila shule ilitakiwa kubandika hesabu hizo ukutani. Kwa mzazi wa kawaida hilo lilikuwa jambo geni kabisa, kusimama mbele ya ubao wa matangazo na kusoma kiasi kilichoingia na kilichotumika. Baadhi ya mbao hizo zilisasishwa kila muhula. Nyingine zilibaki na hesabu za mwaka juzi.

Ajabu ni kwamba watoto wengi maskini hawakubaki katika shule hizo za bure. Watafiti wa kituo cha APHRC waliolinganisha mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani na mitaa ya Jericho na Harambee waligundua kuwa sehemu kubwa ya watoto wa mabanda walisoma shule za kibinafsi za bei nafuu, huku wale wa Jericho wakifaidi elimu ya bure. Si ajabu sana ukitazama ramani ya baraza: shule zilikuwa Jericho. Gharama ya pengo hilo ilionekana Septemba 2019, darasa la shule ya kibinafsi lilipoporomoka Ngando asubuhi na kuua watoto wasiopungua 7.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyokata kamba ya kanjo. Kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, zilipewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Elimu ya msingi ikawa ya serikali kuu. Idara ya Elimu ya Jiji, iliyoshika shule kwa nusu karne, ikaachwa na watoto wa miaka minne na mitano. Sheria mpya ikaleta bodi za usimamizi, bodi ya elimu ya kaunti, mkurugenzi wa elimu wa wizara, na mkurugenzi mwingine wa TSC, wote katika kaunti moja.

Lakini ardhi haikuhama na makaratasi. Shule nyingi hazikuwa na hatimiliki, na wanyakuzi walijua hivyo. Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road walirudi shuleni wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakausukuma ukuta wakiwa na sare zao, polisi wakawarushia vitoa machozi, na picha hizo zikazunguka dunia. Siku ile hakuna afisa wa TSC, wizara wala kaunti aliyetangulia mbele ya watoto. Waliokuwa nao ni wanaharakati na waandishi wa habari.

Familia zinazohisi zaidi wingi huu wa wenyewe ni zile zenye watoto wa mahitaji maalum. Jiji lina vitengo vya kusifiwa, kama kile cha usonji katika City Primary, Ngara, na kile cha wasioona Kilimani. Tatizo ni njia ya kufika. Mtoto hupimwa katika kituo cha tathmini cha wizara, mwalimu maalum hutoka TSC, na nauli ya kila siku kutoka Dandora ni ya mama.

Kaunti nayo haikukubali kukaa pembeni. Mwaka wa 2023 Gavana Johnson Sakaja alianzisha mpango wa chakula shuleni wa Dishi na County pamoja na shirika la Food4Education la Wawira Njiru. Mzazi hutuma pesa kwa simu, mtoto hugusisha bangili yenye chipu kwenye mashine na kupokea sahani, shilingi 5 tu. Chakula ni moto na foleni inakwenda. Kwamba elimu ya msingi si kazi ya kaunti kikatiba ni hoja isiyomhusu mtoto mwenye njaa, ingawa inawahusu sana mawakili: Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alipozitaka kaunti zisitoe basari kwa kazi isiyo yao, mzozo ulifika mahakamani.

Na mwenyewe mwingine ameshaingia uani. Tangu Januari 2023 sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, imewekwa ndani ya shule za msingi, na walimu wake wamegoma mara kadhaa wakidai wasiwe chini ya mwalimu mkuu wa msingi. Katika mitaa ya zamani ya Eastlands, uwanja uliopimwa na baraza kwa ajili ya madarasa ya msingi peke yake sasa unabeba miaka 11 ya masomo, kuanzia PP1 hadi Gredi ya 9, na maabara bado inatafutiwa mahali.