Rubondo: vilima tunavyovitazama kutoka ng'ambo

Ndugu zetu mlioko Kahama, Shinyanga, Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko, katika kijarida hiki mmezoea kusoma habari za darasa lililoezekwa au kisima kilichochimbwa. Mwaka huu tumeomba ukurasa mmoja wa historia, kwa kuwa harambee yetu inahusu kisiwa ambacho wengi wetu tumekitazama tangu utoto tukiwa ufukweni, na hatujawahi kukikanyaga.

Rubondo kiko kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, ndani ya mkoa wetu wa Geita. Ni kundi la vilima vyenye msitu mnene, urefu wa kilomita 28 hivi. Mgeni huvuka kwa boti kutoka Nkome au Kasenda, akalala Kageye, na asubuhi akaanza kupanda pamoja na mwongozaji na askari wa uhifadhi, maana tembo wapo. Kilele cha juu kabisa, katika vilima vya Msasa, ni mita 1,486 juu ya usawa wa bahari, yaani kama mita 350 tu juu ya maji ya ziwa. Mtu wa Moshi atacheka. Lakini hajapanda kwenye joto la msituni, mbung'o wakimuuma mgongoni, huku akikimbilia mlio wa sokwe ambao dakika tano baadaye unasikika ng'ambo ya bonde.

Watu hulipa fedha nyingi kwa matembezi hayo. Wazee wetu waliyafanya bure, wakiwa na majembe begani.

Hadi mwaka 1965 Rubondo kilikuwa na watu. Walikuwa wavuvi na wakulima, Wazinza kwa sehemu kubwa, na walizika wafu wao huko. Mwaka huo kisiwa kilifanywa pori la akiba, na wakazi wakahamishiwa visiwa vya jirani na vijiji vya bara. Baadhi yenu mnaosoma hapa ni wajukuu wao. Mwaka 1977 pori likawa hifadhi ya taifa, na maji yanayokizunguka kisiwa yakaingizwa pia. Ndiyo maana mvuvi akivuka mpaka ule anakuwa na kesi. Haki itajwe pia: sato na sangara huzaliana humo kwa amani, na samaki hajui mpaka, kwa hiyo sehemu yake inatufikia.

Walioletwa baada ya watu kuondoka ndio kisa chenyewe. Mwaka 1966, mwaka ule ule mgodi wa zamani wa Geita ulipofungwa na wanaume wengi wakarudi nyumbani bila kazi, sokwe wa kwanza walishushwa Rubondo. Aliyeandaa jambo hilo ni Profesa Bernhard Grzimek wa Shirika la Wanyama la Frankfurt, Ujerumani, yule aliyeipigania Serengeti. Sokwe hao hawakutoka Gombe wala Mahale. Asili yao ilikuwa Afrika Magharibi, nao walikuwa wameishi Ulaya, wengine ndani ya vizimba vya bustani za wanyama, wengine kwenye sarakasi. Walisafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha wakaletwa huku kwetu. Kufikia 1969 walikuwa wameachiwa 17 kwa jumla.

Hakuna aliyewafundisha kuishi porini. Walifunguliwa tu. Hata hivyo, katika muda mfupi walikuwa wakijitafutia matunda ya msituni na kujenga viota vya kulalia juu ya miti, kazi ambayo mtu angedhani imekwisha kusahaulika. Leo uzao wao ni zaidi ya mara mbili ya idadi ile. Twiga, tembo na mbega nao waliletwa, wakazoea. Faru weusi waliletwa pia, lakini majangili waliwamaliza.

Tukisimulia haya kwenye vikao, daima yupo mmoja anayeuliza: sokwe wa Ulaya walipewa kisiwa, sisi tulipewa nini? Swali si la utani, na hatutalifunika hapa. Kukirudia kisiwa kama makazi hakupo tena. Kukirudia kama waongozaji kunawezekana. Kazi hiyo husomewa, Mweka chini ya Mlima Kilimanjaro, chuo kilichoanzishwa 1963, au Pasiansi hapo Mwanza. Vijana wetu wakimaliza kidato cha nne wanajua njia moja tu, ya kwenye mashimo ya dhahabu, na kila msimu wa mvua tunapiga simu kuuliza kama shimo halijaporomoka.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu italipa karo ya vijana wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume. Fungu dogo litanunua kinasa sauti na mafuta ya boti. Kila kilima na kila ghuba ya Rubondo ilikuwa na jina lake la Kizinza na sababu ya jina hilo, na wanaoyakumbuka wamebaki wachache, wote wamepita miaka sabini. Tunataka vijana hao wanne wakae nao kabla ya kwenda chuoni. Mwenye bibi au babu aliyezaliwa kisiwani amjulishe katibu mapema, maana baadhi hawawezi tena kutembea na itabidi tuwafuate nyumbani.