Kipima mwendo kikae wapi? Historia ya namba kwenye usukani wa baiskeli

Neno "mwendo" lina mambo mengi ndani yake. Muulize mtu wa Pangani kutoka kwao hadi Tanga ni mwendo gani. Mmoja atakutajia kilomita, mwingine atakutajia saa, na wa tatu atakuambia ukitoka alfajiri utafika jua halijawa kali. Wote watatu wamekujibu sawasawa. Na ukiangalia kile kikompyuta kidogo ambacho siku hizi watu wanakifunga kwenye usukani wa baiskeli, utaona kinabeba maana hizo hizo: umbali, kasi na muda.

Lakini kwa nini kinafungwa pale kwenye usukani? Ukifuata historia yake utagundua kwamba usukani ni mahali ilipofika mwisho. Kwa muda mrefu namba ilikaa kule chini, karibu na ekseli, na macho ya mpanda baiskeli yalikuwa kitu cha mwisho kufikiriwa.

Kupima njia kwa gurudumu ni fikra ya kale. Vitruvius, mhandisi wa Kirumi, alieleza gari lenye meno yaliyohesabu mizunguko ya gurudumu, na kila maili moja ikitimia kijiwe kinadondoka ndani ya chombo. Mwisho wa safari unahesabu vijiwe. Ni ufundi mzuri, ila unataka barabara, na njia za misafara za pwani yetu hazikuwa za namna hiyo. Burton na Speke walipotoka Pangani mwaka 1857 kwenda Vuga kwa Kimweri, na Oscar Baumann aliporudi kuchora ramani ya Usambara mwaka 1890, njia zilikuwa vijia vya kupita mtu mmoja mmoja. Hapo unasukumaje gurudumu la kupimia? Wapima njia wa wakati ule walitegemea dira na saa: tumetembea muda gani, tumeelekea upande gani, basi umbali ni kiasi fulani. Kwa maneno mengine walifanya hesabu ya yule mtu wa Pangani anayekujibu kwa saa, isipokuwa wao waliiandika kwenye daftari.

Kilomita ya kuhesabiwa moja moja ilipata nguvu Tanga pamoja na reli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza mwaka 1893, na mahali pakaanza kutajwa kwa umbali wake kutoka Tanga mjini. Kange, kwa mfano, iko kilomita 6 hivi. Hapo ndipo baiskeli inapoingia katika kisa maarufu kuliko vyote vya mji huu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1914, Waingereza wakiwa wameshusha jeshi la watu 8,000 hivi, wengi wao kutoka India, kamanda wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa Kange na askari wachache mno. Hakujua adui yuko wapi hasa. Akapanda baiskeli na wenzake wawili, wakaingia mjini kwa mbalamwezi, wakapita mitaa mitupu hadi bandarini, wakaziona meli zikiwaka taa. Kisha wakarudi. Kesho yake vita vikapiganwa, na watu wengi wanakumbuka nyuki tu. Mimi naona ile baiskeli inastahili kutajwa kuliko nyuki.

Mtu anayepeleleza usiku namna ile anahitaji kujua amekwenda kiasi gani, na wakati huo vipima mwendo vya baiskeli vilikuwa vinauzwa tayari. Mmarekani Curtis Veeder wa Hartford alikuwa ametengeneza kimoja kilichopata umaarufu mkubwa tangu mwaka 1895. Kilikuwa kidogo kama kibweta cha pete, na kilifungwa kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Kwenye spoki unafunga kipini, na kila gurudumu likizunguka mara moja kipini kinagonga kigurudumu chenye meno kama nyota, namba zinasogea. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba kuisoma ukiwa unaendesha ilikuwa kazi: uiname hadi usawa wa ekseli, gizani, huku ukipiga pedeli? Ilikubidi usimame. Kwa hiyo kipima mwendo cha zamani kilikuambia ulikotoka tu. Kasi yako ya sasa hivi hakikuijua, na hata kingeijua usingeiona.

Kwa nini basi hakikuwekwa juu? Kwa sababu kilikula nguvu kwa kugongwa, na kitu cha kugongwa lazima kiwe jirani na kinachogonga. Mahali pake paliamuliwa na gurudumu. Katikati ya karne ya 20 zikaja saa za kasi zenye waya: waya laini unazunguka ndani ya ala yake kutoka kwenye ekseli hadi kwenye usukani, na mshale unacheza mbele yako. Macho yakapata nafasi kwa mara ya kwanza, ila kwa gharama ya uzito, kelele na grisi.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na sumaku, miaka ya 1980. Unafunga sumaku kwenye spoki na swichi ndogo kwenye uma wa mbele. Sumaku ikipita karibu, umbali wa milimita chache, swichi inajifunga na kujifungua bila kuguswa. Waya mwembamba unapanda hadi kwenye usukani, na kompyuta inafanya kuzidisha tu: mizunguko mara mzingo wa tairi.

Hapo penye mzingo nakuomba usimame kidogo, maana wengi wanaparuka. Kompyuta haijui tairi lako; wewe ndiye unayeliambia. Tairi la inchi 26 la baiskeli ya milimani lina mzingo wa mita 2.05 hivi. Ile baiskeli kubwa ya inchi 28, Phoenix au Raleigh inayobeba madafu na magunia, ina mita 2.22 hivi. Ukiiacha kompyuta iamini una tairi dogo, safari ya kilomita 50, ambayo karibu ndiyo Tanga hadi Pangani, itasomeka kilomita 46 na kidogo. Dawa yake ni chaki: weka alama kwenye tairi na sakafuni, kaa juu ya baiskeli, isukume mzunguko mmoja, kisha pima kwa futi kamba. Kukaa juu ni muhimu, kwa sababu uzito wako unalibonyeza tairi.

Vile visivyo na waya vina sharti lake pia: mawimbi ya kitambuzi ni dhaifu, mara nyingi hayafiki mita moja, kwa hiyo ukikisogeza mbali na uma kinanyamaza. Na hewa yetu ya pwani ina chumvi; vile vichuma vidogo vya kupitishia umeme vinashika kutu mapema. Ukiona namba zinakatikakatika, safisha hapo kwanza kabla ya kulaumu betri.

Halafu ikaja GPS, na kwa mara ya kwanza namba haikuhitaji gurudumu kabisa. Inahitaji anga. (Si kila mahali inashinda, hata hivyo. Panda kutoka Mombo kwenda Lushoto, ambako barabara inajikunja kona baada ya kona chini ya miti: kifaa kinachoweka alama kwa nadra kinazikata kona hizo, na umbali unapungua. Sumaku kwenye spoki haikati kona.)

Sasa kwa kuwa kifaa hakifungwi tena na gurudumu wala waya, watu wanakiweka popote, na mara nyingi kifaa chenyewe ni simu. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi. Chukua mwendo wa kilomita 20 kwa saa, wa kawaida kabisa. Hiyo ni mita 5.5 kila sekunde. Ukiinamisha macho sekunde mbili kuisoma simu iliyolala karibu na kifua chako, umekwenda mita 11 bila kuiona barabara. Kwenye barabara ya kwenda Horohoro, ambako lori na basi zinapishana nawe kwa upana wa mkono, mita 11 ni nyingi. Kadiri namba inavyokaa mbele zaidi, ndivyo macho yanavyoshuka kidogo zaidi, na pembeni mwa macho bado unaiona njia. Ndiyo maana waendesha mashindano wanatumia kishikio kinachotangulia mbele ya usukani, katikati.

Utasema vishikio hivyo ni vya baiskeli za bei mbaya. Kweli, na kwenye baiskeli ya breki za vyuma kuna shida nyingine: vyuma vya breki vinapita chini ya usukani, kwa hiyo mkanda wa mpira ukiufunga ovyo unaibana breki. Hilo ni hatari kuliko kutokujua kasi yako. Jaribu kuishika breki mara kadhaa ukiwa umesimama kabla ya kuondoka.

Lakini iangalie tena baiskeli hiyo hiyo kwa mbele. Chini kidogo ya usukani, katikati kabisa, kuna kibati kilichosimama ambacho wengi hawakitumii. Kiliwekwa kwa ajili ya taa. Kimetangulia mbele, hakigusi breki, na kinatazama anga. Fundi wa Ngamiani anaweza kukutobolea kipande cha bati na kukifunga pale kwa skrubu mbili, na ukapata kile kishikio cha waendesha mashindano. Ila kama unasafiri usiku, kiachie taa nafasi yake, namba utaisoma ukifika.