Neno la Leo: Kuruhusu si kuridhia

Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2024 na maji kuingia nyumba za mji wa Kalemie, waliopoteza makao waliambiwa: “Ni mapenzi ya Mungu.” Hapo neno limepotoshwa. Mapenzi ya Mungu ni yale anayoyataka. Neno linalofaa ni kuruhusu, lenye asili ya Kiarabu kama ruhusa, yaani kutozuia. Kuridhia kunazidi hapo, kwani moyo nao umekubali. Katika kisa cha Ayubu kwenye Biblia, Shetani alipewa ruhusa yenye mipaka, lakini uovu ulibaki wake. Na mnara wa Siloamu ulipoanguka na kuua watu 18, Yesu alikataa kuwahesabu kuwa wakosaji kuliko wengine. Kwa nini Mungu aruhusu? Hata Ayubu hakuelezwa. Basi ukienda kufariji, usimsingizie Mungu. Chukua jembe, saidia kuondoa matope.